Mapenzi Bila Kipande: Nani Kaifukuza Kazi Katika Filamu Zetu?



Kuna kauli inayozagaa miongoni mwa watengenezaji wetu wa filamu, nayo imerudiwa mara nyingi hata imefanywa kanuni. Husemwa kwamba tamthilia ya jukwaani haifai kuwa filamu, kwa sababu jukwaa ni mahali pa maneno na filamu ni mahali pa picha. Wenye kauli hii hawaishii kusema. Huuchukua mchezo uliotungwa kwa jasho, wakaung'oa wimbo, wakaufyeka majibizano, wakaitupa kazi ya mikono iliyokuwamo, kisha wakambakiza mvulana, msichana na mama mkwe mwenye hasira. Masalia hayo huyaita mapenzi.

Naja leo kuipinga kauli hiyo. Naipinga kwa mfano mmoja wa tamthilia, nao ni ile inayosimulia mapenzi ya wafanyakazi wa msimu: wachuma karafuu, wakata mkonge, wavuvi wa dago, wachuma kahawa, wachimba dhahabu. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, ninaishi Saza, mahali palipojengwa na watu waliokuja kwa msimu. Pili, hakuna aina ya tamthilia inayoumizwa zaidi na kanuni hiyo ya uongo. Ukiiondoa kazi katika hadithi ya mfanyakazi wa msimu, unakuwa umeyaondoa hata hayo mapenzi.

Tuanze na maneno yenyewe, maana hapa ni baraza la lugha. Kibarua ni barua ndogo, kile kijikaratasi alichopewa mtu kuonyesha kwamba amefanya kazi ya siku. Jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Manamba ni mtu aliyeandikishwa kwa namba, akajulikana kwayo kabla ya kujulikana kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kipande ni kadi ya siku thelathini za kazi, kila siku iliyotimia ikitiwa alama, na ujira haukuiva mpaka alama zitimie. Mnyapara aliongoza misafara ya wapagazi kabla hajawa msimamizi wa vibarua shambani. Dago ni kambi ya wavuvi wanaohama na kukaa ugenini kwa msimu. Posho ilikuwa unga wa kupimiwa kambini kabla haijawa fedha ya kugombewa vikaoni.

Hayo si maneno ya kamusi tu. Kila moja lina kisa tumboni. Ni mwanamke gani aliyekubali kuposwa na mtu anayeitwa kwa namba? Ahadi iliyotolewa siku ya ishirini na tano ya kipande ilikuwa na uzito gani, ilhali mwenye kuahidi alijua kwamba amebakiza siku tano tu kuwa na fedha, na labda siku sita tu kuwa mahali pale? Mke aliyeachwa kijijini aliyapokeaje maneno ya mtu aliyerudi bila mumewe? Lugha yetu iliyahifadhi maswali haya katika majina ya vitu. Mtunzi wa tamthilia huyafungua. Mtengeneza filamu wa siku hizi huyafunga tena, akapiga na kufuli.

Mwalimu yeyote wa fasihi atakueleza kwamba tamthilia hudai mgogoro na hudai ukomo. Mapenzi ya msimu yana vyote viwili tangu yanapozaliwa. Mvua ikianza, mchimbaji anarudi kulima kwao. Karafuu zikiisha mtini, mchumaji anavuka bahari. Upepo ukigeuka, dago linavunjwa. Wapendanao wa namna hii hawahitaji adui wa kubuni. Kalenda yenyewe ni adui wao. Hawahitaji tajiri mwenye gari jeusi kuja kuwatenganisha, kwa maana ujira wao wenyewe unawatenganisha. Mtunzi anayelijua hili ana tamthilia mkononi hata kabla hajaandika neno la kwanza.

Tazameni nchi yetu ilivyojaa visa hivi. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kwa miongo mingi mashamba ya Tanga na Morogoro yalilishwa kwa nguvu za watu kutoka mbali: Ubena, Ungoni, Buha na kwingineko. Mwaka 1944 waajiri wa mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, WENELA iliwachukua vijana kwenda migodini Afrika Kusini, na wengine walivuka wenyewe kwenda kwenye machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Zanzibar, hasa Pemba, msimu wa karafuu uliwakusanya watu wa Unguja na wa bara chini ya mikarafuu, wakilipwa kwa pishi. Hao wote walipenda, walioa, waliachana, walizaa na walisahauliwa.

Na Saza je? Dhahabu ya Lupa ilianza kuwavuta watu katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 wimbi likawa kubwa. Mgodi wa New Saza ulichimbwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1950, nao ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanganyika. Mgodi ulifungwa, watu wakabaki, na wengine wanakuja mpaka leo. Wilaya yetu ilikuwa sehemu ya Chunya; tangu mwaka 2016 tumo katika Mkoa wa Songwe. Mipaka ya utawala imebadilika, lakini desturi ya msimu ni ileile. Kiangazi kikikaza, wageni wanamiminika kwenye maduara na makarasha. Mvua zikinyesha, wengi hurudi makwao. Ukienda Mbozi wakati wa kuchuma kahawa, au Kamsamba wakati wa kuvuna mpunga, utakuta mambo hayohayo kwa sura nyingine.

Jukwaa la Kiswahili halikuyafumbia macho maisha haya. Alamin Mazrui, katika *Kilio cha Haki* ya mwaka 1981, aliwaweka jukwaani wafanyakazi wa shamba la mlowezi, na akamweka mwanamke, Lanina, kuwa kiongozi wao. Katika tamthilia ile, swali la ujira haliwezi kutenganishwa na swali la mwanamume na mwanamke: wapo wanaoonewa pamoja naye na bado wanasita kuongozwa naye kwa kuwa ni mwanamke. Waandishi wa Tanzania wa miaka ya 1970 na 1980, akina Ebrahim Hussein, Penina Muhando na Amandina Lihamba, walitufunza kwamba mhusika wa tamthilia huja jukwaani na tumbo lake, deni lake na kazi yake. Hakuna aliyekuja na mapenzi matupu.

Mbali na vitabu, kulikuwa na michezo ya shuleni na vyuoni ambayo haikuchapwa popote. Sisi tuliopita chuo cha ualimu enzi zile tulifundishwa kwamba mwalimu wa Kiswahili asiyeweza kusimamisha mchezo wa kuigiza ni nusu mwalimu. Kwa hiyo tulisimamisha. Katika shule niliyofundisha, wanafunzi waliigiza kwa miaka kadhaa mchezo walioutunga wenyewe kutokana na maisha ya machimbo. Kijana anatoka Ufipa kuja kuchimba kiangazi. Anapendana na mwanamke anayewapikia wachimbaji. Kila sahani anayokula kwa mkopo, mwanamke huweka punje moja ya hindi ndani ya kibuyu. Anampenda kijana, naye pia ni mdai wake.

Upeo wa mchezo ule ulikuwa siku ya mgawo. Viroba vya mawe vimesagwa, dhahabu imepatikana, mnunuzi ameweka mizani ndogo mezani. Mwenye duara anachukua chake. Mwenye karasha anachukua chake. Aliyekopesha vifaa anachukua chake. Kijana anabaki na kidogo mkononi, na mbele yake mwanamke anamwaga punje za mahindi juu ya mkeka, wanaanza kuhesabu pamoja. Wanahesabu kwa kujibizana, yeye ubeti, huyu ubeti. Mtazamaji anajua kwamba punje zikizidi fedha, hakuna mahari. Anajua pia kwamba mwanamke anaweza kuzifuta punje zile kwa kiganja kimoja, na kwamba akizifuta, watoto wake wa nyumbani watalala njaa. Sijaona katika maisha yangu tukio la mapenzi lililonikamata koo kama hesabu ile ya mahindi.

Mchezo huo ukaja kuchukuliwa na kikundi kimoja cha vijana wa filamu, ambacho sitakitaja kwa jina kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu. Waliahidi kuupeleka mbali. Filamu ilipotoka, duara lilionekana kwa muda wa kupepesa macho tu. Mwanamke mpishi alikuwa amegeuzwa binti wa mjini aliyekuja kumtembelea shangazi, mwenye nywele za kununua na kucha ndefu zisizoweza kushika mwiko. Kibuyu hakikuwamo. Mgawo haukuwamo. Majibizano ya beti yalifutwa, mahali pake ukawekwa muziki wa kinanda na machozi. Mama mkwe aliongezwa, na ajali ya gari, na hospitali. Jina la mchezo lilikuwa la Kiswahili. Jina la filamu lilikuwa la Kiingereza, ingawa hakuna mhusika hata mmoja aliyezungumza Kiingereza.

Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwa hoja nne. Nitazichukua moja baada ya nyingine, kwa kuwa ndizo hoja ninazozisikia kila mahali, na mwenye hoja anastahili kujibiwa kwa hoja.

Hoja ya kwanza ni ile niliyoanza nayo: jukwaa ni maneno, filamu ni picha. Nakubali kwamba kamera inaweza kuonyesha kwa pumzi moja kile ambacho jukwaa hukieleza kwa ukurasa mzima. Lakini hoja hii, ikisemwa kwa uaminifu, inawahukumu wao wenyewe. Kama filamu ni picha, mbona picha ndiyo waliyoitupa? Je, kuna picha kubwa kuliko punje za mahindi zikimwagika juu ya mkeka? Kuna picha gani inayoishinda mizani inayotetemeka kati ya watu wawili wanaopendana? Machimbo yana vumbi, yana kamba, yana giza la duara na mwanga wa tochi usoni. Hayo yote ni chakula cha kamera. Waliyaacha ili wakapige picha ya kochi sebuleni, ambamo watu wawili wamekaa wakizungumza. Kwa hiyo ni wao, si mtunzi wa tamthilia, waliotuletea filamu ya maneno; na maneno yenyewe hayakuwa na mizani wala maana.

Tazameni mambo yanavyofanyika mahali pengine. Mwaka 1899 Mfini Teuvo Pakkala aliandika mchezo wa jukwaani uitwao *Tukkijoella*, wenye nyimbo zilizotungiwa muziki na Oskar Merikanto. Ni mchezo wa vibarua wa msimu wanaosindikiza magogo mtoni, na mapenzi yao na mabinti wa vijiji wanavyopitia. Wafini waliufanya filamu mwaka 1928, zama za filamu bubu. Wakaurudia mwaka 1937, filamu zilipokwisha kupata sauti. Wakaurudia tena mwaka 1951. Hebu fikirini: mchezo wa nyimbo ulifanywa filamu wakati ambapo filamu haikuweza hata kuimba! Hawakusema kwamba jukwaa haliingii katika kamera. Mto, magogo na vibarua walikuwa sehemu ya nafsi ya taifa lao, na kila teknolojia mpya ilipokuja waliutafuta tena mchezo uleule ili waone jinsi utakavyovaa nguo mpya.

Waitalia nao, mwaka 1949, walitoa filamu ya Giuseppe De Santis, *Riso amaro*, kuhusu wanawake wanaokwenda kwa msimu kufanya kazi katika mashamba ya mpunga ya kaskazini mwa nchi yao. Kuna mapenzi humo, kuna wivu, kuna wizi na bastola. Lakini miguu imo majini na migongo imeinama tangu mwanzo. Na kuna jambo moja ambalo kila malenga anapaswa kulijua: wanawake wale hawaruhusiwi kuzungumza wakati wa kazi, ila wanaruhusiwa kuimba, basi anayetaka kumwambia mwenziwe neno hulitia ndani ya wimbo. Yaani katikati ya filamu iliyosifiwa duniani kote kuna majibizano ya wimbo wa kazi. Kile tulichoambiwa hakifai ndicho kilichowapa Waitalia utukufu.

Hoja ya pili husema kwamba Kiswahili cha tamthilia ni kigumu, watazamaji wa leo hawakitaki. Hapa nawapeleka Unguja. Shafi Adam Shafi alitoa riwaya yake *Vuta N'Kuvute* mwaka 1999. Mwaka 2021 Amil Shivji akaitolea filamu, nayo ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la kimataifa la Toronto, nchini Kanada. Mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo za Oscar. Ni kisa cha mapenzi ya Yasmin, binti mwenye asili ya Kihindi aliyeozwa mume mzee, na Denge, kijana anayepigania uhuru katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Wahusika wanazungumza Kiswahili cha Unguja, na taarabu imo. Jina la Kiswahili halikufichwa. Watu wa Toronto hawakujua Kiswahili hata neno, wakasoma tafsiri chini ya picha, nao wakakaa vitini mpaka mwisho.

Najua kwamba kitabu kile ni riwaya, si tamthilia, na kwamba Denge si kibarua wa karafuu. Nimekileta kwa sababu moja: mtengenezaji wake hakuyatenganisha mapenzi na mazingira yaliyoyazaa. Hofu ya polisi wa kikoloni imo katika kila mkutano wa wapendanao wale, kama vile hofu ya kipande kwisha inavyopaswa kuwamo katika kila mkutano wa wapendanao wa kambini. Filamu ile haifiki saa mbili na riwaya ni ndefu, kwa hiyo mengi yaliachwa. Sipingi kuacha, kila fundi hupunguza mbao. Ninachopinga ni kupunguza miguu ya kiti kisha ukadai kwamba bado ni kiti.

Mwaka huohuo wa 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Dunia inaisimamia lugha hii kwa heshima, ilhali sisi wenyewe tunaona haya kuiweka kwenye jina la filamu iliyotengenezwa Mbozi kwa ajili ya watazamaji wa Mbozi. Nani hasa tunayemkimbia?

Hoja ya tatu ina uzito zaidi, nami nataka kuipa haki yake. Husemwa: mchimbaji wa Saza hazungumzi kwa mizani. Ukimweka ajibizane na mpishi kwa mashairi, utakuwa umempa mdomo usio wake. Na huo ni uongo mkubwa kuliko kucha ndefu. Wapo washairi waliostahili kuambiwa hivyo. Tulikuwa na ngonjera, sanaa aliyoijenga Mathias Mnyampala kwa ustadi mkubwa, lakini mikononi mwa wafuasi wengine ikageuka hotuba yenye vina, ambamo mkulima, mfanyakazi na mwenyekiti wote walizungumza kwa sauti moja ya gazeti. Siitaki sauti hiyo katika filamu. Mhusika anapaswa kuwa na ulimi wake: Mfipa awe na lafudhi yake, Mnyiha yake, mnunuzi wa dhahabu aliyekulia Mwanza yake.

Hata hivyo hoja hii inasahau jambo. Mfanyakazi wa msimu aliimba kabla mshairi hajamwandikia. Wazee wetu walikuwa na wawe za kufyekea mashamba, kimai za baharini, hodiya za kila kazi yenye mapigo: kutwanga, kuvuta kamba, kubeba mzigo. Wimbo wa kazi si pambo lililoletwa na mwalimu kutoka chuoni. Wimbo wa kazi ulikuwa chombo kama jembe lilivyo chombo, uliunganisha mapigo ya mikono ishirini yawe pigo moja. Na katika wimbo huo ndimo mnyapara alimotukanwa bila kujua, na ndimo mwanamume alimompelekea salamu mwanamke wa kambi ya pili. Anayeutoa wimbo kwa kisingizio cha uhalisia ameutoa uhalisia wenyewe. Leo karasha linanguruma na kuufunika wimbo, kweli. Basi filamu na ituonyeshe karasha likiufunika. Huo nao ungekuwa msiba wa kutazamwa.

Hoja ya nne ni fedha. Wanasema soko linataka sebule, gari na machozi, na wao wana familia za kulisha. Siwacheki. Najua filamu nyingi za nchi hii hupigwa kwa siku chache na kwa mfuko mwembamba, mara nyingi bila mswada kamili, waigizaji wakielezwa kisa kisha wakijitungia maneno mbele ya kamera. Lakini hebu tufanye hesabu, kama walivyofanya wale wawili juu ya mkeka. Nyumba ya kifahari hukodiwa. Duara lipo, na mwenye duara atafurahi kuonekana. Gari la kifahari hukodiwa; kibuyu kinapatikana kila nyumba. Muziki wa kinanda hulipiwa. Wimbo wa kazi yupo bibi anayeujua, naye atauimba kwa kikombe cha chai. Mswada mzuri unapunguza siku za kupiga picha kwa kuwa kila mtu anajua atasema nini. Maneno ndiyo malighafi ya bei nafuu kuliko zote katika filamu, nayo ndiyo ya kwanza kubaniwa.

Sasa nawageukia ninyi, malenga, maana hamtatoka barazani hapa mikono mitupu. Watengeneza filamu hawakuyafukuza maneno peke yao. Mshairi wa Kiswahili wa leo hutunga kwa ajili ya mshairi mwenzake. Atajibizana siku kumi kuhusu kina kimoja kilichopotea, lakini akiombwa aandike mazungumzo ya mpishi na mchimbaji, atasema hiyo si hadhi yake. Kuna vijana wana kamera na hawana maneno; kuna wazee wana maneno na hawajui wayapeleke wapi. Kati yao kuna barabara ambayo hakuna anayetaka kuivuka kwanza. Nawaambia, vukeni. Mtoto wa kijijini kwetu ambaye hatasoma diwani hata moja ataziona filamu mia. Lugha ya mapenzi atakayoijua, lugha ya kuomba radhi, ya kuahidi na ya kuaga, ataichota humo. Tukimwachia humo vilio na matusi tu, tusishangae siku atakapokosa neno la kumwambia mchumba wake.

Ajabu ni kwamba sheria ya nchi iliyaona mambo haya kuwa ndugu tangu zamani. Sheria Namba 4 ya mwaka 1976 ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza. Imeviweka viwili hivyo chini ya paa moja. Watunga sheria waliviunganisha ili wavisimamie; sisi wasanii tumeshindwa kuviunganisha ili vipendeze.

Kwa hiyo nadai mambo manne, nayo si makubwa. La kwanza, kila filamu inayotokana na tamthilia iwe na mswada uliopitiwa na mtu wa maneno, awe mshairi au mwandishi wa tamthilia, na jina lake liandikwe mahali panapoonekana. La pili, hadithi ya mfanyakazi ituonyeshe kazi yake: anachoshika, anachodaiwa, anacholipwa, na ni lini ataondoka. La tatu, filamu ya Kiswahili ipewe jina la Kiswahili. Tafsiri ikae chini, kama mgeni anavyokaa palipoandaliwa. La nne, walimu walioko kazini wakusanye michezo ya wanafunzi wao na nyimbo za kazi za maeneo yao, wazihifadhi kwa maandishi na kwa sauti. TaSUBa iko Bagamoyo, idara za sanaa ziko vyuo vikuu, simu zenye kamera ziko mifukoni mwa wanafunzi wetu. Kinachokosekana ni mtu wa kusema: anza na huyu bibi wa jirani, kabla hajaondoka na wimbo wake.

Mchezo wa wanafunzi wangu haujafa kwa sababu filamu moja iliuharibu. Wapo wanaoukumbuka, na mswada wake upo. Ikiwa yuko kijana mwenye kamera na subira, aje. Maduara yapo, vumbi lipo, na mahindi tutampa.

Nawaachia beti tatu, nanyi mnijibu kwa beti au kwa hoja, vyovyote iwavyo:

Mpiga picha mjuzi, nena nami hadharani,
Mapenzi bila ya kazi, ni moshi usio kuni,
Wapi wimbo wa wakwezi, na kilio cha shambani?
Penzi lisilo na jasho, halidumu kiooni.

Kipande kilipofika, thelathini za kambini,
Mwenye penzi aliweka, moyo wake mizanini,
Kubaki ama kutoka, na kurejea nyumbani,
Penzi lisilo na jasho, halidumu kiooni.

Enyi malenga mahiri, mlioko barazani,
Shukeni kwa ujasiri, mwingie uandishini,
Filamu yenye fahari, ina neno mdomoni,
Penzi lisilo na jasho, halidumu kiooni.